Vitabu Nilivyosoma kwa Kadi ya Mume Wangu

Kitabu cha kwanza kuingia nyumbani kwetu hakikuletwa kisomwe. Mume wangu alikileta kikae mezani, juu ya kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, ili wageni wakija wajue kwamba hapa anakaa karani. Yeye ni karani wa stoo mgodini, mtu wa darasa la nane. Mimi ni wa darasa la kumi, na ningefika la kumi na mbili kama baba yangu na baba yake wasingekaa siku moja wakakubaliana bila kuniita. Nalisema hili mapema ili msomaji asihangaike kutafuta hasira yangu imetoka wapi. Imetoka hapo. Mengine yalikuja juu yake.

Kitabu kilitoka Welfea, ule ukumbi wa mabati pale Majengo wenye meza ya karata na redio inayokoroma kuliko kusema. Mwaka ule lililetwa sanduku la vitabu. Lilikuja kwa treni, la mbao, lina kufuli, na ndani mna vitabu kama arobaini vya Kiswahili na vya Kiingereza, vimechanganywa kama abiria wa behewa moja wasiojuana. Ndani ya kila jalada kulikuwa na karatasi ndogo. Msomaji akimaliza aandike namba ya kadi yake na maoni yake. Baada ya miezi mitatu sanduku lingerudishwa pamoja na karatasi zile. Waliolituma wakiona watu wa Mpanda wamesoma, wangeleta jingine. Wakikuta karatasi tupu, wangelipeleka mji mwingine. Karani wa Welfea alitangaza hivyo, akaongeza kwamba kadi ni za wanaume wenye kazi. Hilo la mwisho sijui alilitoa wapi.

Mume wangu alipewa kadi namba tisa.

Hicho kitabu cha mezani kilikuwa cha kulea watoto. Nilikifungua mchana mmoja binti yangu amelala na maharagwe yako jikoni. Mwandishi anasema mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne kwa kuangalia saa. Alale chumba chake peke yake. Akilia aachwe alie, ajifunze adabu. Nilicheka, halafu nikakasirika. Nyumba yetu, huku upande wa Kawajense, ina vyumba viwili, na kimoja analala mama mkwe wangu. Saa ya nyumba hii iko kwenye mkono wa mume wangu, na mkono wenyewe uko mgodini. Na mtoto anayelia hapa asipobebwa, majirani wanakuja kuuliza kama mama yake amekufa.

Lakini mlikuwa na sura moja ya maji ya kunywa na ugonjwa wa kuhara. Imeandikwa vizuri, haina maringo, inamweleza mtu kama inamheshimu. Tangu siku ile maji ya mwanangu nayachemsha hata kama kuni ni mbichi. Basi nikachukua penseli, nikaandika tisa mahali pa namba, kisha hivi: "Aliyeandika sura ya maji apewe aandike kitabu kizima. Aliyeandika ya kunyonyesha hajanyonyesha. Mimi nimenyonyesha miezi kumi na titi langu halina saa."

Nikaibana karatasi ndani ya jalada. Mume wangu akakirudisha kitabu bila kukifungua.

Jioni ile alirudi anatabasamu. Karani wa Welfea alikuwa ameinua ile karatasi, akaona imejaa maandishi, akaitia kwenye bahasha bila kuisoma na kumpa mkono mbele ya watu. Namba tisa ndiye mtu wa kwanza kurudisha karatasi isiyo tupu.

"Umeandika wewe?" mume wangu aliniuliza.

"Sasa nani? Mbuzi?"

Akafikiri. "Sawa. Endelea kuandika. Ila andika kama mwanamume."

Sikumwambia kwamba nimeshachelewa. Nilitaka kitabu kingine.

Ndivyo tulivyoanza. Kila wiki alileta kimoja, chochote ambacho mkono wake ulikigusa kwanza, kwa sababu alichokitaka yeye ni kuonekana anatoka nacho. Cha pili kilikuwa cha msafiri mmoja aliyepita nchi hii zamani na wapagazi. Kina picha nyingi za msafiri mwenyewe. Nilikianza kwa furaha kwa sababu nilimwona anakaribia ziwa, na mimi ni mtoto wa Ikola, nimekua nikianika dagaa mchangani na kuwafukuza kunguru. Nikasema leo nitasoma kwetu ndani ya kitabu. Nikasoma. Ameandika kwamba watu wa pwani ile ya ziwa ni wavivu kupita kiasi, kwani alipofika saa nne asubuhi alikuta wanaume wazima wamelala vivulini kama wafu.

Nilikiweka kitabu chini nikatoka uani nikapasua kuni zote zilizokuwapo, na nyingine hazikuwa zetu.

Wamelala kwa sababu usiku kucha walikuwa majini! Dagaa huvuliwa gizani kwa mwanga wa moto. Mtu anarudi alfajiri mikono imechubuka kwa kamba, anakula, analala. Baba yangu amelala hivyo maisha yake yote, na sisi watoto tulikuwa tukitembea kwa vidole. Huyu bwana amekula dagaa wao, maana ukurasa unaofuata anasifu chakula, na hakujiuliza dagaa wale walitoka majini saa ngapi. Kwenye karatasi niliandika mistari mitatu tu, kwa wino: "Mwandishi alifika mchana akaandika habari za usiku. Aulize kwanza. Picha ya mlima ni nzuri."

Cha tatu kilikuwa cha Kiingereza, mauaji ndani ya nyumba kubwa. Watu kumi na mmoja wanakaa humo, na sikumwona hata mmoja akichota maji. Wanakunywa chai, mmoja anakufa, waliobaki wanakunywa chai. Kiingereza changu kilikuwa kimeshika kutu, nikawa nasoma ukurasa mara mbili, ya kwanza kwa kamusi, ya pili kwa tamaa. Maharagwe yaliungua siku mbili mfululizo. Muuaji nilimjua kabla ya katikati: ni yule ambaye kila mtu alikuwa anamwonea huruma. Nilipoona nimepata, nilimrusha binti yangu juu, akacheka bila kujua sababu. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke bwenini nilijiona nina akili kwa jambo ambalo halina faida yoyote. Nilikuwa nimesahau raha yake.

Kikaja cha mashairi ya watu wa pwani. Hapa niseme ukweli, nusu ya maneno sikuyajua. Shuleni tulikuwa na mwalimu aliyetuambia kwamba Kiswahili chetu cha bara ni cha kuokoteza, na niliposhika kile kitabu nilimsikia tena, nikawa tayari kuchukia. Sikuweza. Nilikisoma kwa sauti huku natwanga, na mchi ukawa unafuata mizani wenyewe. Niliandika: "Sikuelewa yote. Nitakiomba tena."

Mama mkwe wangu alikuwa akiyaona yote haya. Ni Mkonongo wa kule misituni, mjane, mwenye ulimi kama wembe mpya. Kusoma kwangu alikuita kunong'ona na makaratasi. "Karatasi imesema tule nini leo?" alikuwa akiuliza, na maharagwe yakiungua alisema, "Usiyafiche, karatasi inapenda yaliyoungua."

Kilichomgeuza ni kitabu cha nyuki. Marehemu mumewe alikuwa mrina asali, na mizinga yake ya magome ilitundikwa mpaka mbali kabisa na njia ya watu. Nilimwambia kitabu hiki kinafundisha ufugaji wa nyuki, nikadhani atanidhihaki. Akasema, "Soma nikisikie kinavyodanganya."

Nikamsomea. Mwandishi anataka mizinga ya mbao zilizorandwa, yenye vifuniko na miguu, ipangwe chini kwa mistari.

"Chini? Nyegere je?"

"Hajamtaja, mama."

"Hajamtaja nyegere! Mwambie nyegere atamshukuru kwa kumwandalia meza. Na nyuki wa huku hawakai kabatini. Andika."

"Niandike?"

"Si umesema mna mahali pa kujibu?"

Nikaandika, kwa maneno yake. Kesho yake mchana alikuja mwenyewe na kapu lake la karanga za kubangua, akakaa mkekani, akasema, "Haya, leo nani kaandika?"

Siku hiyo tulikuwa na kitabu cha mjane. Ni hadithi ya Kiswahili, ya mwanamke aliyefiwa na mume, mashemeji wakamnyang'anya shamba, naye anakaa mlangoni analia kwa lugha nzuri sana. Nilisoma sura mbili. Nilipoinua macho, karanga hazijabanguliwa. Mama mkwe ameshika moja mkononi na hajaipasua.

"Barua hii imetoka wapi?"

"Si barua, mama. Ni kitabu."

"Najua. Imetoka wapi?"

"Mbali huko. Imekuja kwa treni."

"Na yeye mwenyewe bado yuko hapo mlangoni?"

Nikaona tunakokwenda. "Mama, huyu mtu hayupo. Ametungwa."

"Katungwa na nani?"

"Na mwandishi."

"Huyo mwandishi kazijuaje shida hizi kama hazijampata mtu?"

Darasa la kumi hawakunipa jibu la hilo.

Lazima mwelewe karatasi ilikuwa nini kwake. Maisha yake yote, karatasi iliyosomwa kwa sauti ndani ya nyumba ilikuwa barua. Mumewe alipokwenda kukata mkonge miaka ile, barua zililetwa na watu waliotembea siku nyingi, zikasomwa na mwalimu wa dini, na watu wote wa nyumba walikaa kimya mpaka mwisho. Kisha walijibu. Aliyeileta hakuondoka mikono mitupu, alikula, alipewa asali, alipewa jibu. Kuisikia barua ya mtu mwenye shida halafu ukaendelea na karanga zako, kwao ni kama kumwona mtu ameanguka kisimani ukasema habari za asubuhi.

Basi kila mchana nilisoma sura moja, na kila sura ilikuwa na jibu. Mwambie asilie hapo mlangoni, mlango si wake tena. Mwambie aende kwa mjomba wake. Mwambie apande mihogo mpakani sasa hivi, kabla ya mvua, mashemeji waing'oe mbele ya mashahidi. Niliandika kwenye daftari, kwa sababu karatasi ya jaladani isingetosha. Na mimi, mwenye elimu, niliyeanza kwa kumcheka moyoni, nikagundua kwamba namsoma yule mjane vibaya. Nilikuwa nasifu lugha. Mama mkwe alikuwa anasikia mtu. Nilirudi nyuma kimyakimya nikasoma sura ya kwanza upya, nikamwonea haya.

Zilikuwa zimebaki sura nne balaa lilipoanguka.

Miezi mitatu ilikuwa inaisha. Karani wa Welfea, akiwa na hofu kwamba sanduku litahamishwa, akaona awatie moyo wasomaji wengine kwa kusoma maoni ya namba tisa mbele ya ukumbi, Jumamosi mchana, watu wamejaa. Akafungua bahasha. Akatoa karatasi ya kwanza. Akasoma kwa sauti, mpaka mwisho, mpaka penye titi.

Mume wangu alirudi nyumbani na wanaume watatu nyuma yake barabarani wakiimba, "Bwana namba tisa! Titi lako linasema saa ngapi?" Mwingine akaitikia, "Saa ya kunyonya imepita, mwahi mtoto!"

Alifunga mlango. Hakupiga kelele. "Umenivua nguo mbele za watu," alisema. Akachukua kitabu cha mjane mkekani, akakitia chini ya kwapa. "Jumatatu narudisha hiki, na kadi. Vitabu basi."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa kuwa binti yangu atajua kusoma siku moja. Nilimwambia kwamba akili aliyopewa mkono kwa ajili yake ilikuwa yangu, na aibu pia ilikuwa yangu, na yeye alitaka moja tu kati ya hizo mbili. Ningependa kusema nilimwonea huruma, maana kweli aliumia, nilimwona. Lakini siku ile sikumwonea. Nilihesabu vitabu ambavyo sitavisoma.

Jumatatu mchana mama mkwe alikaa mkekani. "Haya, lete."

"Kimerudishwa, mama."

"Kabla ya kujibiwa?"

Alimngoja mwanawe mpaka aliporudi kutoka kazini. Hakugusa habari ya titi, wala kadi, wala ya wanaume kucheka. "Wewe nilikuzaa au nilikuokota stesheni?" alimwuliza. "Barua ya mjane imetoka mbali kote huko, imekaa nyumbani mwangu wiki mbili, nawe unaifukuza bila jibu? Baba yako hata barua ya mtu asiyemjua aliilisha."

"Mama, ni hadithi tu."

"Na mimi nimekuambia ni nini?"

Kesho yake alivaa kanga mpya, akachukua chupa ya asali, akaniambia nimbebe mtoto. Tukashuka mpaka Majengo kwa miguu, jua la saa nane, yeye mbele. Sikumwuliza kitu. Niliogopa nikiuliza atageuka.

Karani wa Welfea alikuwa anapanga vitabu sandukuni. Ni mtu mpole, mwembamba, anayependa taratibu kuliko watu wanavyopenda chumvi. Mama mkwe akamwekea chupa mezani.

"Shikamoo, mama. Hii ya nini?"

"Marahaba. Ya aliyeleta barua. Tumekuja kuimalizia na kuijibu."

Karani akaniangalia mimi kuomba msaada. Nikamwambia, "Kitabu cha mjane. Zimebaki sura nne."

"Kile ni cha kadi namba tisa, bibi, na kadi imerudishwa." Akasita. "Kumbe ndiye wewe?"

"Ulidhani mume wangu ananyonyesha?"

Aliinama ghafla kana kwamba ameangusha kitu, na mabega yakamtikisika. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia, macho yana machozi. Akafungua bahasha, akamwaga karatasi mezani. Zenye maandishi zilikuwa kumi na mbili. Kumi zilikuwa mwandiko wangu. Moja ilisema "Kizuri." Nyingine ilikuwa na mchoro wa baiskeli.

"Treni ni Jumamosi," alisema taratibu. "Bila hizi zako, sanduku lisingekuwa na sababu ya kurudi Mpanda. Nashukuru, bibi. Lakini kadi siwezi kukupa. Nitaulizwa."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?" mama mkwe alidakia. "Waite, tupo."

"Na kitabu hakiruhusiwi kutoka humu bila kadi," karani akaongeza, kwa unyonge kidogo.

"Basi hakitoki," nikasema. Nikakichukua mezani, nikakaa kwenye kizingiti cha mlango, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mtoto mapajani, nikafungua nilipoachia. Nikasoma kwa sauti ya kuita kuku.

Mwanzoni alikuwapo mama mkwe tu, kwenye benchi la baraza. Halafu wanawake wawili waliotoka sokoni na dagaa wakasimama kusikia kuna ugomvi gani. Wakaambiwa na mama mkwe, kwa kifupi na kwa matusi, mashemeji wamefanya nini mpaka hapo. Wakakaa. Wakaja wengine. Wacheza karata ndani walituambia tupunguze sauti, na dakika chache baadaye mmoja akauliza, "Shamba lenyewe lilikuwa na hati?" Karani alijifanya anahesabu vitabu, kisha akavuta kiti chake. Tulisoma Jumanne sura mbili na Jumatano sura mbili, na Jumatano baraza ilikuwa imejaa kabla sijafika.

Kitabu kinaisha vibaya. Mjane anawasamehe mashemeji wote, shamba anawaachia, wao wanamjengea kibanda nyuma ya nyumba yao, naye anawapikia kwa furaha mpaka uzeeni. Mwandishi anaona ni jambo zuri.

Nilifunga kitabu. Mmoja wa wale mama wa dagaa akasema, "Anawapikia?"

"Anawapikia mazao ya shamba la nani, lao au lake?"

"Mimi ningewapikia. Mara moja tu."

Walicheka mpaka mtoto wangu akaanza kulia kwa kelele. Kila mmoja alitaka neno lake liandikwe. Karatasi ya jaladani ilikuwa kama kucha mbele ya maneno yale, na karani, bila kuombwa, alileta karatasi ndefu za ofisini na wino wake mwenyewe. Niliandika kwa mpangilio niliofundishwa shuleni: salamu, sababu ya kuandika, shauri. Tumekusikia, mama. Ulivyolia tulilia. Ulivyosamehe, hiyo ni hiari yako. Lakini shamba si la kusamehe, shamba ni la kulima. Ukiamka kesho nenda kwa mjomba wako. Kama huna mjomba, njoo Mpanda, uliza Kawajense, utaonyeshwa. Hiyo ya mwisho ni ya mama mkwe, na hakukubali ifutwe.

Chini nikaongeza langu kwa mwandishi: kwamba ameandika mtu hai kiasi cha kupikiwa ugali, halafu mwisho akaogopa kumwacha asimame. Ajaribu tena. Tutasoma.

Nikafika mahali pa namba ya kadi. Nikasimama.

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu. Alikuwa ametoka kazini, amesimama upande wa pili wa barabara, sijui tangu saa ngapi. Mtu mmoja alimpigia mluzi. Alivuka hata hivyo, akaja mpaka barazani, akaona kalamu yangu imesimama.

"Andika tisa," alisema chini chini.

Najua ilivyomgharimu. Nilimwangalia, na safari hii nilimwona vizuri. "Asante," nikasema. "Lakini tisa ni wewe, baba. Haya hukuyasema wewe."

Watu wote walikuwa wanamtazama karani. Karani alikuwa anatazama sanduku, karatasi, chupa ya asali ambayo bado hajathubutu kuigusa. Akavuta mtoto wa meza. Akatoa kadi mpya, akaipuliza vumbi, akaandika taratibu sana kumi na saba, na jina langu, si la baba yangu wala la mume wangu.

"Kadi ni za wenye kazi," akasema mmoja wa wacheza karata. "Huyu ana kazi gani?"

"Hiyo unayoiona anaifanya," karani alijibu, akanipa.

Tulirudi wote wanne. Mume wangu alitembea mbele mpaka karibu na nyumbani, akapunguza mwendo, akasema bila kugeuka, "Hata mimi ningemwambia aende kwa mjomba wake." Mama yake akamwambia hakuna aliyemwuliza, lakini alimwambia kwa sauti ya kawaida.

Sanduku likaondoka Jumamosi. Wiki zilizofuata sikuwa mtu wa kukaa naye. Kadi ninayo, vitabu hakuna, na niliamka kila siku nikiamini kwamba maneno yangu makali yamewaudhi waliotuma sanduku na kwamba nimeukosesha mji mzima vitabu. Nilimwambia hivyo mama mkwe. Akasema mtu aliyeandika barua ndefu namna ile anataka kujibiwa kwa urefu. Sikumwamini. Treni ikaja tupu, ikaja tena tupu. Ya tatu ikaja na masanduku mawili.

Nilikuwa wa kwanza mlangoni. Karani aliniambia nichague, na kwa wingi wa haraka nilifanya kama mume wangu, nikashika kilicho karibu. Ni kitabu cha ujenzi wa madaraja. Nimekisoma chote, kila nguzo na kila uzito wake, kwa sababu ni changu mpaka Alhamisi. Leo mchana nimeandika karatasi yake, mezani, binti yangu akiwa amesimama kwa kushika sketi yangu:

"Kadi namba kumi na saba. Mwandishi anajua madaraja lakini hamfikirii mtu anayepita juu yake. Picha ya ukurasa wa thelathini imechanwa na mwanangu, nimeibandika kwa uji. Naomba kingine, kinene zaidi."